Damu ya Kulinganisha

Machi 3
Mvua ya kwanza imenyesha leo, na kama kawaida paa la maabara limekumbuka tundu lake. Tumetega ndoo kando ya friza kubwa, na Kinanda akaanza kuimba kwa kufuata matone. Kinanda ndiye anayepokea sampuli na kuzibandika namba. Tumempa jina hilo kwa sababu hatulii: asipoimba anavuma kama nyuki, asipovuma anapiga vidole mezani. Ana mikono safi, nakubali, ila mimi napenda kimya ninapofanya kazi, na yeye analijua hilo vizuri sana.

Sampuli mpya imeingia asubuhi kutoka hospitali ya mji mwingine. Mwanamume, miaka thelathini na sita, lukemia isiyojulikana asili yake. Jina hatupewi. Ndiyo sheria yetu: namba, umri, jinsia, basi. Huyu ni mgonjwa wa sita tangu tuanze kuufuatilia ugonjwa huu, kwa hiyo tumemwita Bwana Sita.

Machi 4
Mama huniuliza kila mwaka nafanya kazi gani, na kila mwaka nashindwa kumjibu. Hebu nijaribu hapa, ambapo hakuna wa kunikatiza.

Kwenye damu kuna seli nyeupe ambazo ni walinzi wa mwili. Wako wa aina nyingi, na kila aina ina sare yake: alama ndogo juu ya ngozi ya seli. Sisi tunazitia rangi zinazoshika alama hizo, tunazipitisha moja moja mbele ya leza, na mashine inatuambia nani kavaa nini. Saratani ya damu ni mlinzi mmoja aliyepata wazimu akazaa watoto wasiohesabika. Ukijua alitoka kikosi gani, unajua dawa ya kumpiga. Shida ya ugonjwa huu adimu ni kwamba wale wendawazimu wamevua sare. Wako uchi wa mnyama. Madaktari wanabahatisha dawa, na Bwana Sita ameshapewa moja ambayo haikumsaidia kitu. Kwa hiyo anatusubiri.

Kila mgonjwa anapopimwa, pembeni yake tunapima mtu mzima wa afya, ili tujue mashine haitudanganyi. Hiyo ndiyo damu ya kulinganisha, na kwa miaka tisa imekuwa yangu. Kinanda ananitoboa, natania kwamba ananifilisi, kisha kiasi kidogo kinagandishwa kwenye friza. Bosi wetu, daktari bingwa wa damu, husema damu yangu ina adabu. Bosi huyo tunamwita Mama Ushahidi, kwa sababu hata ukimwambia mvua inanyesha atakuuliza, “Ushahidi uko wapi?”

Machi 8
Jumapili, na Kitinda hakupiga simu. Huyo ni mdogo wangu wa mwisho, fundi wa mafriji, na Jumapili bila simu yake ni chai bila sukari. Nilimtumia ujumbe wa kumchokoza. Jioni akajibu: “Nimegombana na mteja. Damu yako hiyo, Dada.”

Ni utani wa zamani wa nyumbani. Alipokuwa na miaka mitano, uboho wake, kile kiwanda cha damu ndani ya mifupa, uliacha kabisa kufanya kazi. Mimi nilikuwa darasa la tano. Walinilaza kifudifudi, wakanitoa uboho kwenye nyonga, wakampa yeye, akapona. Tangu siku hiyo kila akipandisha hasira husema si yeye, ni damu yangu. Na Mama anamuunga mkono, ndicho kinachoniudhi.

Machi 9
Mvua. Umeme ulikatika mpaka mchana. Sikufanya lolote la maana.

Machi 12
Watu wote, vitabu na wataalamu, waliamini ugonjwa huu unatokana na wale walinzi wanaoitwa wauaji wa asili. Leo nimewatafuta kwa Bwana Sita kwa rangi zote tulizonazo, na hawapo. Nimemwambia Mama Ushahidi kwamba vitabu vimekosea. Akaniangalia juu ya miwani. Nikamwahi: “Ushahidi utaupata wiki ijayo.”

Kinanda alicheka mpaka akamwaga maji ya kuoshea. Na mimi nikacheka, nakiri.

Machi 16
Nimeupata!

Sare unaweza kuvua, kovu huwezi. Kuna kundi la walinzi waitwao seli T. Kila mmoja wao, akiwa mchanga, hukata kipande cha vinasaba vyake na kukiunga upya kwa namna yake mwenyewe. Ule muungo hubaki kama kovu la utotoni, na watoto wake wote hulirithi. Nimelikuta kovu kwenye seli za Bwana Sita. Kovu moja, lilelile, kwa zote! Maana yake wendawazimu wote wametoka kwa mama mmoja, na mama huyo ni seli T ya aina adimu, ile ya gama-delta, ambayo hata wanafunzi wa udaktari huiruka kwenye mtihani.

Mama Ushahidi alikagua mara tatu. Halafu, jambo ambalo sijawahi kuliona, akamtuma Kinanda kununua soda. Tulisimama karibu na ndoo ya mvua tukagonganisha chupa. “Kwa afya ya Bwana Sita,” akasema Kinanda. Nilisema na mimi. Nilisema kwa sauti kubwa kuliko wote.

Machi 17
Nimempigia Mama kumpa habari. Alisikiliza kama mtu anayesubiri lifti. Nikauliza Kitinda yuko wapi. “Amelala.” Saa tano asubuhi? “Kazi nyingi, mwanangu, mwili umechoka.” Kisha akasema kuna mtu mlangoni. Mama hajui kusema uongo. Hata mlango wenyewe sikuusikia ukigongwa. Nadhani Kitinda amegombana na mkewe na hawataki nijue, kwa kuwa nina mdomo.

Machi 19
Leo nimepata mshtuko.

Kabla ya kutuma jibu kwa madaktari, Mama Ushahidi anataka kromosomu zitazamwe. Ni utaratibu wake wa kufunga mlango kwa komeo. Nimekaa kwenye darubini tangu asubuhi. Seli ya kwanza ya Bwana Sita: X mbili. Nikasema bahati mbaya. Ya pili: X mbili. Ya ishirini: X mbili. Hakuna Y hata moja. Zile zenye ugonjwa na zile zenye afya, zote ni za mwanamke.

Bwana Sita ni mwanamume. Imeandikwa kwenye mrija.

Nilibaki mdomo wazi kama mlango wa ghala. Mama Ushahidi alikuja, akatazama, akavua miwani, akatazama tena. “Sampuli zimechanganywa,” akasema. “Jibu halitoki mpaka nijue huyu mwanamke ni nani.”

“Lakini mgonjwa anasubiri dawa.”

“Mgonjwa yupi? Unaweza kunionyesha?”

Sikuweza. Ameagiza vinasaba vya sampuli ile vilinganishwe na vya kila mtu anayeingia maabara. Wote tumetoa mate.

Machi 20
Ni mimi.

Majibu yametoka mchana. Damu ya kwenye mrija wa Bwana Sita ni yangu, haina shaka, kila alama. Nikakaa kwenye kiti cha mgeni.

Kisha hasira ikanipanda, nikasimama tena. Maana maelezo yalikuwa mbele ya macho yetu: siku ile ile Kinanda alinitoa damu ya kulinganisha, akapokea na mrija wa mgonjwa, akaimba, akachanganya. Basi! Nilimfuata pale anapobandika namba.

“Umemimina damu yangu kwa mgonjwa.”

“Dada, hapana. Sijawahi kuwa na mirija miwili mkononi kwa wakati mmoja. Sijawahi.”

“Ingekuwa unatazama mikono badala ya kuimba ungejua!”

“Naimba ndiyo ili nisikosee. Kila mrija na wimbo wake. Wimbo ukiisha ndipo nachukua mwingine.”

Nikamwambia maneno ambayo sitayaandika yote. Nilimwambia kuna mtu kitandani anakufa kwa sababu ya nyimbo zake. Nilimwambia kikulacho ki nguoni mwako. Wote walisikia. Mama Ushahidi amemwondoa mezani na kumpeleka kuosha vyombo mpaka mambo yafahamike. Kinanda alivua glavu polepole, akazikunja, akaondoka bila kunitazama.

Kuna kitu kidogo kinanisumbua. Ikiwa damu yangu iliingia kwenye mrija wake, yake ilikwenda wapi? Na kovu lile, je? Mimi si mgonjwa. Nimechoka, nitafikiri kesho.

Machi 23
Maabara ina kimya kile nilichokuwa nakitaka. Sikipendi. Sampuli mpya ya Bwana Sita imeombwa.

Kitinda hakupiga simu jana pia. Nilimtumia ujumbe: “Umenisusa?” Akajibu: “Nakupenda Dada.” Hajawahi kuniandikia hivyo maisha yake yote, huwa ananiita jini. Nilicheka, halafu nikaacha.

Machi 24
Sampuli imefika ikiwa imefungwa kwa lakiri. Safari hii wameleta na vipande vya kucha za mgonjwa, maana kucha haichanganyiki na damu. Mama Ushahidi ameifungua mwenyewe, mlango umefungwa. Mimi nimekatazwa kuingia hata kuchukua kalamu. Hakuna damu ya kulinganisha iliyotolewa. Ni sawa kabisa kunizuia. Nimezunguka uani na mwavuli kama mtu aliyepoteza ufunguo.

Machi 26
Sijui nianzie wapi. Nimeosha uso mara kadhaa na bado mikono yangu naiona kama ya mtu mwingine.

Mama Ushahidi aliniita ofisini akafunga dirisha, mvua ilikuwa inapiga kioo. Hakukaa kwenye kiti chake, alikaa karibu nami. Akaweka karatasi mbili mezani.

“Kucha ni za mwanamume,” akasema. “Damu ni yako.”

“Kinanda...”

“Kinanda hajagusa chochote. Wewe hujagusa chochote. Mrija ulitoka kwenye mkono wa mgonjwa, ukafungwa mbele ya wauguzi wawili, nikaufungua mimi. Damu inayotembea kwenye mwili wa yule mtu ni yako.”

Nikasema haiwezekani. Nikasema damu yangu ninayo mimi, ninayo hapa, nikamwonyesha mkono kama mtoto. Alikuwa ananitazama kwa huruma, na Mama Ushahidi hana desturi ya huruma. Akauliza taratibu, “Umewahi kumpa mtu uboho?”

Hapo ndipo dunia iliponiinamia. Mwanamume wa miaka thelathini na sita. Amelala saa tano asubuhi. Mtu mlangoni. Nakupenda Dada. Kila kitu kilikuja kwa mkupuo, na nikakaa pale nasikia matone kwenye ndoo chumba cha pili. Uboho niliompa ndio unaomtengenezea damu mpaka leo, na duniani kote yupo mwanamume mmoja tu mwenye damu yangu.

“Usiniulize jina,” akasema Mama Ushahidi. “Sheria ni sheria.”

“Siulizi. Jina nalijua. Mimi ndiye niliyembeba mgongoni.”

Akanishika mkono. Halafu akatoka, akaenda kutuma jibu: seli T, gama-delta, asili yake kwa aliyetoa uboho. Jibu hilo tulikuwa nalo tangu tarehe kumi na sita. Tulilikalia siku zote hizi tukitafuta wa kumlaumu, na mimi ndiye niliyelaumu kwa sauti kubwa kuliko wote. Mdogo wangu alikuwa anasubiri dawa na mimi nasubiri kumwona Kinanda akiaibika.

Na tulikunywa soda. Naomba nisisahau hilo. Tulikunywa soda juu ya damu yake na nikagonganisha chupa.

Nilimpigia Mama nikiwa kwenye ngazi.

“Kitinda ana nini?”

Nilisikia akifunga mlango upande wake.

“Mama. Ana saratani ya damu, ndiyo?”

Akaanza kulia. “Nani kakwambia? Alinilisha kiapo. Alisema, Dada akijua atanipima badala ya kuniona.”

Na ndicho nilichokuwa nimefanya. Nimempima wiki tatu nzima.

Machi 27
Nimekwenda chumba cha kuoshea vyombo. Kinanda alikuwa amenigeuzia mgongo, anasugua chupa. Nikamwambia ukweli wote, na nikamwomba radhi. Nilitegemea atasema si kitu. Hakusema.

“Niliumia,” akasema. “Siwezi kukudanganya kwamba sikuumia. Mama yangu alinipigia, hata yeye alikuwa amesikia.” Akaendelea kusugua. Baadaye akauliza, “Bwana Sita ni mdogo wako kweli?”

“Wa tumbo moja.”

Akaweka chupa chini. “Basi nenda, Dada. Unafanya nini hapa?”

Machi 28
Nimemwona.

Basi lilichelewa kwa sababu ya barabara kukatika na maji. Wodi yao iko ghorofa ya juu, vitanda vinne, dirisha linaloelekea kiwanda cha matofali. Mama alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki akimenya chungwa. Aliponiona alisimama, akakaa, akasimama tena. Kitinda alikuwa amegeukia ukutani anasikiliza friji ndogo ya dawa iliyoko kona ya wodi.

“Kompresa yake inakufa,” akasema kabla hajageuka. “Nimewaambia wauguzi, wananiona mgonjwa tu.” Kisha akaniona.

Amekonda. Masikio yamekuwa makubwa. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima na bado nilipigwa na butwaa, kana kwamba mtu amechukua mdogo wangu akanirudishia picha yake iliyokaa juani.

“Nani kasema?” akauliza, na macho yakamwendea Mama.

“Mama hajasema. Nimekuja kukuona. Sikuja kukupima.”

“Unaona sasa? Umeanza kutazama mishipa ya mkono wangu.”

Ni kweli nilikuwa naitazama. Nikahamisha macho, tukacheka wote watatu, na kicheko cha Mama kikageuka kilio katikati. Akatoka nje na chungwa lake.

Nikamwambia. Hakuna njia nzuri ya kulisema, kwa hiyo nililisema lilivyo. Nikamwambia ugonjwa wake umetoka kwenye seli moja, na seli hiyo haikuzaliwa kwake. Ni ya kwangu. Niliiweka ndani yake nikiwa darasa la tano, siku ile waliponipa mdoli kwa sababu nilikuwa shujaa.

Nilisikia ile friji ikikohoa. Uso wake haukuwa na kitu, na nikaogopa kuliko nilivyowahi kuogopa.

“Kwa hiyo,” akasema mwishoni, “miaka yote hii nilikuwa nasema ukweli. Hasira yako ndiyo inayoniua.”

“Kitinda, usi...”

“Natania.” Machozi yalikuwa yanamshuka hadi masikioni, hayafuti. “Dada, ilikuwa nife nina miaka mitano. Niliona wanangu wakizaliwa kwa damu hiyo. Nimefunga friji za nusu ya mji huu kwa damu hiyo. Usije hapa kuiombea msamaha, utanikasirisha, na unajua hasira yenyewe ni ya nani.”

Nikaweka kichwa kwenye shuka lake. Dawa mpya wameianza jana jioni. Nilipokuwa natoka aliniuliza swali ambalo nilikuwa nalikimbia tangu Alhamisi.

“Kama mama wa hizo seli alitoka kwako, hakuacha ndugu huko?”

Machi 30
Mvua kubwa. Nimerudi kazini. Ndoo imejaa mara mbili.

Aprili 2
Mama Ushahidi ameniuliza kama nataka kujua. Nimesema ndiyo. Akasema, “Fikiri hadi kesho.” Nikasema nimeshafikiri.

Kwenye friza kuna miaka tisa yangu: vichupa vya damu ya kulinganisha, vimepangwa na tarehe. Vyote nilivitoa nikitania kwamba nafilisiwa. Sasa watavitoa kimoja kimoja walitafute lile kovu la Kitinda. Sitaruhusiwa kushika. Kinanda amerudishwa mezani na ndiye atakayevipanga. Nilimsikia kupitia ukuta: kila kichupa na wimbo wake, na katikati kimya cha kubadilisha mrija. Ndivyo alivyoniambia siku ile na sikutaka kusikia. Nimekaa nimesikiliza mpaka mwisho.

Aprili 5
Jumapili. Kitinda amepiga simu mwenyewe. Ametapika sana. Amewafundisha wauguzi kusafisha kompresa.

Aprili 9
Lipo.

Kovu lile lile, muungo ule ule, kwenye damu yangu ya mwezi uliopita, na ya mwaka jana, na ya mwaka ule wa kwanza nilipoajiriwa. Ni seli chache sana, unazitafuta kwenye laki moja unakuta mbili tatu, lakini zipo. Miaka tisa nimekaa pembeni ya wagonjwa kama kipimo cha afya.

Nilitazama picha kwenye skrini na nikasikia kitu kama kuanguka, ingawa nilikuwa nimekaa. Mshtuko wa kwanza ulikuwa wa ajabu: nilitaka kumwambia mtu kwamba nimegundua. Kisha nikakumbuka ni nani niliyemgundua.

“Sikiliza vizuri,” akasema Mama Ushahidi. “Huna ugonjwa. Una seli. Hazijaongezeka kwa miaka tisa.”

“Na kwa Kitinda ziliamka.”

“Kwa Kitinda ziliamka. Kwako zimelala. Kwa nini, sijui.”

“Ushahidi uko wapi kwamba zitaendelea kulala?”

Nililitoa kwa utani, ila sauti ilinikatika. Hakucheka. Akasema, “Sina,” na akanipa leso.

Uboho wangu hauwezi kutumika tena kwake, hilo liko wazi. Wanamtafutia mtu mwingine. Nimempigia Mama nikamweleza. Aliuliza kitu kimoja tu: “Wote wawili?” Nikasema ndiyo, lakini mimi ni mzima. Akarudia, “Wote wawili,” na hakusema kuna mtu mlangoni.

Aprili 10
Sikuenda kazini. Nililala, niliamka, nilitazama mikono.

Aprili 11
Hivyo hivyo.

Aprili 17
Mkewe Kitinda amenitumia ujumbe wakati nafunga mwavuli. Dawa imeshika. Seli mbaya zimepungua kwa nusu na zaidi. Nimesoma nikiwa nimesimama mlangoni, watu wananipita, nikamkumbatia mlinzi wa geti ambaye sijawahi kuzungumza naye zaidi ya salamu. Alishtuka maskini, akanipigapiga mgongoni kwa kirungu chake.

Bado atahitaji uboho mwingine, na bado hajapatikana wa kumpa. Lakini dawa ile imetoka kwenye lile kovu, na kovu tulilipata sisi.

Kitinda naye aliandika baadaye: “Jini, ndugu zako wanakimbia.”

Aprili 20
Mvua imekatika. Leo ndoo ilikuwa kavu kwa mara ya kwanza, na Kinanda ameigeuza akaikalia.

Sampuli ya Bwana Sita ya kufuatilia dawa imeingia asubuhi. Nikavaa koti, nikanawa, nikaenda kwenye kile kiti cha kutolea damu kama nilivyofanya miaka yote. Nilikunja mkono wa shati kabla sijakumbuka. Mama Ushahidi alikuwa amesimama mlangoni.

Kinanda alinitoa damu. Alifanya taratibu, na wimbo wake ulikuwa mfupi. Kisha akauchukua mrija wangu, akabandika namba: mwanamke, miaka arobaini na mbili. Hakuandika jina. Akauweka kwenye kibao cha mirija ya wagonjwa, karibu na ule wa mdogo wangu.

“Wa sita na wa saba,” akasema. “Karibu, Bi Saba.”

Nilitaka kucheka na sikuweza. Nilikuwa naitazama ile nafasi ya mwisho ya kibao, ya damu ya kulinganisha, iliyobaki wazi. Macho yangu hayakuondoka pale. Kinanda akaona ninakotazama.

Akavua glavu zile, akanisukumia mimi pakiti mpya. Kisha akaniinua, akakaa kwenye kiti changu, akakunja mkono wa shati hadi juu ya kiwiko, akauweka mezani mbele yangu.

“Kuanzia leo ni mimi,” akasema. “Nitoboe, Dada. Ila usiimbe, usije ukanichanganya.”

Nikavaa glavu. Nikautafuta mshipa wake kwa kidole, nikamtoboa, na damu yake ikaja.